Fuliza ya M-Pesa: nafuu chini ya elfu moja, ghali ukivuka mstari

Anayefuliza Sh 900, yaani anayeazimwa na M-Pesa salio lake lisipotosha, na kukaa nazo siku 30 analipa ada ya Sh 144. Anayefuliza Sh 1,100 kwa siku hizo hizo analipa Sh 551. Mikopo yao imepishana kwa mia mbili tu, lakini gharama zimepishana kwa mia nne na saba. Ukishaielewa hesabu hii, umeielewa Fuliza karibu yote. Wengi wanaoitumia kila wiki hawajawahi kuifanya, kwa sababu hakuna mahali ambapo simu inawawekea takwimu hizo mbili pamoja.

Huduma yenyewe ilianza Januari 2019. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ndiyo inayoiendesha, na fedha zinatoka kwa benki mbili: KCB na CBA, ambayo mwaka huo huo iliungana na NIC ikawa NCBA. Jina ni la Kiswahili safi. Kufuliza ni kuendelea bila kukatiza, na kazi ya huduma ni hiyo: unalipa kitu, salio halitoshi, malipo yanaendelea na pengo linakuwa deni lako. Ukiwa na Sh 300 na bidhaa ni Sh 1,250, huazimwi 1,250. Unaazimwa 950 pekee. Hapo ndipo Fuliza inapoishinda mikopo mingine mingi ya simu, ambayo hukulazimisha kukopa kiasi kizima huku chako kimelala.

Kujiunga kunachukua dakika moja. Piga *234*0#, kubali masharti, kisha angalia kikomo chako, ambacho kinaweza kufika hadi Sh 70,000 kulingana na unavyotumia M-Pesa na unavyolipa. Tangu hapo huhitaji kuomba tena. Unapolipa au kutuma pesa na salio halitoshi, simu inakuuliza kama ungependa kufuliza, unakubali, unaweka nambari ya siri, kwisha. Wepesi huo ni msaada mkubwa saa nne usiku tokeni za stima zikiisha, au mtoto akiwa na homa na duka la dawa linapokea M-Pesa. Lakini swali la kukopa linakuja mtu akiwa ameshasimama mbele ya mwenye duka, foleni iko nyuma yake, na katika hali hiyo hakuna anayepiga hesabu. Hesabu ipigwe nyumbani, mapema.

Ada ni za aina mbili. Ya kwanza ni asilimia 1 ya kiasi ulichofuliza, na hukatwa kila unapofuliza. Ya pili ni ya kila siku, inayofuata ngazi. Viwango vilivyoanza Oktoba 2022, Safaricom na benki hizo mbili zilipopunguza bei, ni hivi:

Deni la hadi Sh 100: hakuna ada ya siku.
Sh 101 hadi 500: Sh 2.50 kwa siku.
Sh 501 hadi 1,000: Sh 5 kwa siku.
Sh 1,001 hadi 1,500: Sh 18 kwa siku.
Sh 1,501 hadi 2,500: Sh 20 kwa siku.
Sh 2,501 hadi 70,000: Sh 25 kwa siku.

Kwa madeni ya hadi Sh 1,000, siku tatu za kwanza hazina ada ya siku. Juu ya ada ya siku kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, kwa hiyo ile 2.50 inakuwa 3 na ile 5 inakuwa 6. Hesabu zote katika makala haya ni kabla ya ushuru huo. Ongeza sehemu ya tano kwenye ada za siku upate unachokatwa hasa.

Tazama ngazi ya tatu na ya nne. Kutoka 5 hadi 18 ni zaidi ya mara tatu kwa mpigo mmoja, na zile siku tatu za bure nazo zinapotea. Punguzo la 2022 liliwafaa sana wakopaji wa chini ya elfu moja, ambao ada yao ya siku ilikatwa nusu. Wa ngazi ya nne walipunguziwa shilingi mbili tu, kutoka 20. Kwa maneno mengine, mpaka wa elfu moja ulikuwa mrefu, na punguzo likauzidisha.

Sasa tazama ngazi ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo bei inapokuwa ya ajabu zaidi. Ada ni ile ile Sh 25, iwe unadaiwa 2,600 au 70,000. Mwenye 2,600 kwa siku 30 analipa 26 na 750, jumla Sh 776, karibu asilimia 30 ya alichokopa. Mwenye 70,000 analipa 700 na 750, jumla Sh 1,450, yaani kama asilimia 2. Mwenye kikomo kikubwa amepewa mkopo wa bei nzuri mno. Mwenye kikomo kidogo, ambaye ndiye mwenye shida, analipa zaidi ya mara kumi na nne kwa kila shilingi. Hili si kosa la hesabu la mtu yeyote. Ndivyo ada isiyofuata asilimia inavyofanya kazi. Lakini anayesifu au kulaani Fuliza bila kusema anaizungumzia ngazi ipi hajasema kitu.

Ukifuliza, unapokea ujumbe. Usome hadi mwisho, ni mfupi. Umetaja kiasi ulichofuliza, ada ya mwanzo, jumla ya deni na tarehe ya mwisho wa kulipa, ambayo ni siku 30 mbele. Mfano: umefuliza 500, ada ni 5, jumla ni 505. Ada ya kila siku haimo katika hesabu hiyo. Ujumbe unakuelekeza tu upige *234*0# na kuchagua sehemu ya kuulizia ada. Mtu anaona 505, anaweka akilini 505, halafu wiki mbili baadaye anashangaa pesa zake zilizokatwa hazilingani na alichokumbuka. Piga nambari hiyo kila baada ya siku tatu ukiwa na deni.

Kutokana na ngazi hizo, kuna mambo matatu ya kufanya ambayo yanaokoa pesa kweli.

La kwanza, usifulize elfu moja kamili. Ada ya mwanzo na ada za siku zinaongezeka juu ya deni, na mtu aliyesimama ukingoni husukumwa na kitu kidogo. Weka 900 kuwa ndio ukomo wako mwenyewe, hata kama Safaricom wamekupa 8,000. Kumbuka pia gharama ya kutuma: ukimtumia mtu Sh 1,000, kuna Sh 13 za kutuma, na kama huna kitu kabisa hizo nazo zinaingia kwenye pengo. Malipo ya Lipa na M-Pesa kwa nambari ya till, yaani nambari ya malipo ya duka, hayamtozi mnunuzi, kwa hiyo ukiwa na hiari, lipa kwa till kuliko kumtumia mwenye duka kwenye laini yake.

La pili, kama umeshavuka, shuka. Ada ya siku hufuata deni lililobaki. Unadaiwa 1,150 na huna zote? Peleka 250 kwa wakala, uziweke. Kuweka hakuna ada, zitakatwa papo hapo, na deni litashuka hadi 900. Kuanzia hapo unatoka kwenye Sh 18 kwa siku kuingia Sh 5. Hakikisha kesho yake kupitia *234*0# kwamba ada imeshuka. Wengi husubiri wapate pesa yote ndipo walipe, na hiyo subira ni Sh 13 kila siku zinazopotea bure. Vivyo hivyo mwenye 1,650 akilipa 700.

La tatu linawahusu wafanyabiashara wadogo, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo Fuliza inapokula polepole bila kuonekana. Chukua mama mboga anayefuliza Sh 800 kila asubuhi kumlipa anayemletea sukuma wiki na nyanya, na kulipa jioni wateja wakishalipa. Hadaiwi hata siku moja kamili, hajawahi kutozwa ada ya siku, na anaona huduma ni ya bure. Lakini kila asubuhi anakatwa asilimia 1, yaani Sh 8. Kwa siku 26 za kazi ni Sh 208 kwa mwezi. Mkopo wake ni wa mia nane, kwa hiyo ametoa robo nzima ya mtaji kwa mwezi, na mwezi ujao ataanza upya. Kwa miezi minne ni Sh 832: ada peke yake zimeshapita mtaji anaoukopa.

Dawa yake haiko mbali. Aweke kando Sh 25 kila jioni, baada ya deni la siku kukatwa, azihamishie M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo iliyo ndani ya M-Pesa. Kuhamisha kutoka M-Pesa kwenda M-Shwari na kurudi hakuna ada, na inaruhusu kiasi kidogo sana. Jioni ya siku ya 32 ana 800 zake mwenyewe, na asubuhi inayofuata halazimiki kufuliza. Mpangilio wa jioni ni muhimu: pesa zikiingia M-Pesa deni likiwa bado lipo, zitakatwa kabla hujazigusa. Kwa hiyo deni kwanza, akiba baadaye, yote jioni ile ile, kabla hajafika nyumbani mahitaji yakaanza kuita.

Hilo la kukatwa lina mengi ndani yake. Fuliza hailipwi kwa hiari. Shilingi yoyote inayoingia M-Pesa yako, iwe mshahara, zawadi, mchango wa matanga au karo aliyotuma mjomba, inakwenda kwenye deni kwanza. Kwa mkopo wa siku chache huo ni mpango mzuri, kwa sababu unakulipia kabla hujasahau. Tatizo ni pesa zisizo zako. Mweka hazina wa chama anayepokea michango ya wanachama kwenye laini yake binafsi, naye ana Fuliza ya 3,000, ataona michango ya watu sita imemezwa kabla hajaiandika kwenye daftari. Hakuna aliyeiba, lakini siku ya mkutano pesa hazipo, na maelezo yake yatasikika kama ya mwizi. Chama kifungue akaunti ya benki au ya sacco, wanachama walipe moja kwa moja kwa PayBill ya taasisi hiyo, na laini ya mtu isiguse kitu. Kama bado hamjafungua, angalau mchague mweka hazina asiyetumia Fuliza, na alijibu swali hilo mbele ya wote.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo: ukikosea nambari ukamtumia pesa mtu anayedaiwa Fuliza, zinaingia kwenye deni lake mara moja. Utasambaza ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba urejeshewe, lakini salio la kurudisha linaweza kuwa limeshakwisha. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha.

Fuliza ilinganishwe na nini? Watu huilinganisha na M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012. M-Shwari inatoza asilimia 7.5 mara moja kwa siku 30, ukichelewa inaongeza nyingine 7.5 na siku 30 zaidi. Ushuru pia upo juu yake. Ada hiyo haipungui ukilipa mapema. Kwa hiyo swali linakuwa la siku: utakaa na deni muda gani?

Kwa Sh 1,000, Fuliza ni nafuu hadi kama siku ya 16, ambapo inafika Sh 75 sawa na M-Shwari. Kwa 1,200, Fuliza inashindwa baada ya siku ya nne tu. Kwa 2,000, siku ya sita. Kwa 5,000, siku ya 13: hapo 50 na 325 zinafika 375. Kwa 10,000 ni siku ya 26. Kama una uhakika mshahara unaingia Ijumaa na leo ni Jumatano, fuliza, usifungue mkopo wa mwezi. Kama huna uhakika pesa zitatoka wapi, M-Shwari ina faida moja ambayo haiandikwi popote: gharama yake unaijua siku ya kwanza. Na kama hujui kabisa utalipaje, suala si huduma ipi. Usikope kwenye simu.

Kuna chaguo la tatu ambalo kwa bei halina mshindani, nalo ni Hustler Fund ya serikali, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, kupitia *254#. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, mkopo wa binafsi ni wa siku 14, kuanzia Sh 500 hadi 50,000. Asilimia 5 ya mkopo haikufikii mkononi. Inaingia kwenye akiba yako. Ukikopa 2,000, unapokea 1,900, 100 zinabaki akiba, na riba ya siku 14 ni kama Sh 6. Fuliza ya 2,000 kwa siku hizo 14 ni 20 na 280, yaani Sh 300. Sita kwa mia tatu. Ugumu ni kwamba vikomo vya wengi huanza chini sana na hupanda kwa kulipa kwa wakati, tena mkopo huu hauingii wenyewe unapolipa dukani; lazima uuombe kabla. Basi uombe kabla. Kama unajua Alhamisi kuna karo ya kumalizia, piga *254# Jumatano jioni badala ya kusubiri Fuliza ikuokoe mlangoni pa shule. Na ukiwa mwanachama wa sacco, mkopo wa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua bado ndio wa kuchukulia mambo makubwa: paa, pikipiki, chuo.

Ukipitisha siku 30 bila kulipa Fuliza, huwezi kuendelea kuitumia, kikomo kinaweza kushuka ukija kulipa, na taarifa zinaweza kupelekwa kwa CRB, yaani shirika la taarifa za mikopo. Kenya ina mashirika matatu ya aina hiyo yenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kwa kanuni za 2020, deni la chini ya Sh 1,000 halipaswi kukuweka kwenye orodha mbaya, na mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kukuorodhesha. Notisi hiyo ikija, hizo siku 30 ndizo za kutafuta pesa. Ukishaorodheshwa, kulipa hakufuti historia mara moja. Rekodi inaweza kubaki hadi miaka mitano ikionyesha kwamba ulichelewa na kwamba ulilipa. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Ichukue hata kama huna deni, uangalie nambari ya kitambulisho, majina, na kila mkopo ulioandikwa humo. Kosa la kawaida ni mkopo uliolipwa ambao mkopeshaji hajapeleka taarifa mpya. Anza na mkopeshaji mwenyewe, umwonyeshe ujumbe wa malipo wenye nambari ya muamala, kisha uwasilishe pingamizi kwa shirika lenye ripoti. Kwa hiyo usifute ujumbe wa M-Pesa wa kumalizia deni. Upige picha uuweke mahali pengine, simu huibiwa.

Na kama umesoma hadi hapa ukaona Fuliza haikufai, kujitoa kuko kwenye menyu ile ile ya *234*0#, baada ya deni kufika sifuri. Mwenye tabia ya kufuliza kila asubuhi anaweza kujitoa kwa mwezi mmoja huku akijenga zile mia nane, halafu aamue kama bado anaihitaji. Kabla hujabonyeza, pitia kwanza malipo yanayokushtukiza, hasa stima na dawa, uweke angalau Sh 500 ya akiba kwa ajili yake. Kiasi hicho hicho ndicho cha chini cha kufungia akiba kwenye M-Shwari, lakini hii ya dharura usiifunge: ukiitaka iliyofungwa kabla ya muda wake, lazima uiombe na usubiri saa 48, na mgonjwa hangoji siku mbili.